Cheti na Ahadi ya Kurudi: Historia ya Masharti kwa Madaktari Wageni Wanaosomea Ubingwa Marekani

Daktari mgeni aliyehitimu nje ya Marekani kwa kawaida hawezi kutibu mgonjwa katika nchi hiyo mpaka avuke vizuizi viwili. Cha kwanza ni cha elimu: lazima athibitishe kwamba shahada yake ni ya kweli, afaulu mitihani ileile inayofanywa na wanafunzi wa Marekani, kisha apate nafasi ya mafunzo ya ubingwa hospitalini. Cha pili ni cha uhamiaji: lazima apate viza inayomruhusu kufanya kazi anapojifunza, maana daktari anayesomea ubingwa ni mwanafunzi na mfanyakazi kwa wakati mmoja, mwenye zamu za usiku, wagonjwa na mshahara.

Kila kizuizi kina wenyewe. Leseni ya kutibu hutolewa na bodi ya jimbo. Mitihani na uhakiki wa vyeti viko mikononi mwa taasisi binafsi zisizotafuta faida. Viza ni mamlaka ya serikali ya shirikisho. Mgawanyo huo ulijengeka kidogo kidogo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na chini yake ziliwekwa ahadi mbili. Mgonjwa aliahidiwa kwamba atakayemtibu anaijua kazi yake, hata kama alisoma mbali. Nchi alikotoka daktari iliahidiwa kwamba mtu wake atarudi na ujuzi. Tangu hapo ahadi ya kwanza imezidi kukazwa, na ya pili imelegezwa kila mara hospitali za Marekani zilipopungukiwa na mikono.

Leseni kabla ya wageni

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Mmarekani aliyetaka kujiita daktari hakupata wa kumzuia. Vyuo vingi vya udaktari vilikuwa biashara za watu binafsi. Walimu waligawana karo, masomo yalikuwa mihadhara ya miezi michache, na wengi walihitimu bila kumgusa mgonjwa. Katika miaka ya 1870 na 1880 majimbo yalianza kutunga upya sheria za leseni. Mwaka 1889, katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo lina haki ya kumzuia asiye na sifa asitibu watu. Kwa uamuzi huo leseni ya udaktari ilithibitika kuwa jambo la jimbo. Ndiyo sababu mpaka leo viza ya serikali ya shirikisho, peke yake, haimruhusu daktari kuandika hata dawa moja.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 1910. Abraham Flexner, mwalimu ambaye mwenyewe hakuwa daktari, alitumwa na Wakfu wa Carnegie kukagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Ripoti yake ilivianika vyuo visivyo na maabara, visivyo na hospitali ya kufundishia, na vilivyomsajili yeyote mwenye karo. Vingi vilifungwa au kuunganishwa, na ilipofika 1935 Marekani ilibaki na vyuo 66 tu vilivyotoa shahada ya udaktari. Ubora ulipanda, lakini wapo waliolipia gharama yake zaidi kuliko wengine: kati ya vyuo saba vilivyowafundisha Wamarekani Weusi, vilibaki viwili, Howard na Meharry. Idadi ya wahitimu nayo ilibanwa kwa miongo mingi, na pengo lililotokana na kubanwa huko ndilo lililokuja kuzibwa na wageni.

Kundi kubwa la kwanza la madaktari wageni katika karne ya 20 lilikuja kama wakimbizi. Katika miaka ya 1930, madaktari wengi wa Kiyahudi walikimbia Ujerumani, na kuanzia 1938 wakakimbia Austria pia. Miongoni mwao walikuwamo mabingwa waliokuwa wamefundisha katika vyuo vilivyoheshimiwa duniani. Marekani waliyakuta majimbo mengi yakidai kwamba daktari awe raia, au awe ameanza taratibu za kuomba uraia, kabla ya kupewa leseni. Mwaka 1939 iliundwa kamati ya taifa ya kuwatafutia madaktari hao mahali pa kufanyia kazi, hasa nje ya miji mikubwa ambako walionekana kuwa washindani. Sharti la uraia lilidumu katika majimbo mengi hadi miaka ya 1970. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mgeni mwenye makazi halali hawezi kunyimwa uwakili kwa sababu tu si raia, na hoja hiyohiyo ikadhoofisha sharti kama hilo katika taaluma nyingine.

Vitanda vingi, watarajali wachache

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hospitali zilijengwa kwa kasi isiyowahi kuonekana Marekani. Sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946 ilitoa fedha za serikali kwa ujenzi huo, na bima ya afya ya waajiri iliwafanya watu wengi zaidi waweze kulazwa. Kila hospitali mpya ilihitaji madaktari vijana wa kukaa wodini usiku na mchana. Kazi hiyo ni ya watarajali, yaani wahitimu walio katika mwaka wa kwanza wa mafunzo kazini, pamoja na wanaoendelea na mafunzo ya ubingwa. Nafasi zao zilizidi kwa mbali idadi ya wahitimu wa vyuo vya ndani. Hospitali ziliwagombania vijana hao mpaka mwaka 1952 ukaanzishwa mfumo wa kitaifa wa kuoanisha chaguo la mhitimu na chaguo la hospitali. Mfumo huo unatumika mpaka leo, na mgeni anayetafuta nafasi hupitia humohumo.

Kuoanisha, hata hivyo, hakuongezi watu. Nafasi zilizobaki wazi, hasa katika hospitali za miji zisizo na uhusiano na vyuo vikuu, zilianza kujazwa na wahitimu kutoka nje, na mlango waliopitia haukutengenezwa kwa ajili ya hospitali. Januari 1948 Rais Harry Truman alitia saini Sheria ya Smith-Mundt, iliyoruhusu wageni kwenda Marekani kwa kubadilishana elimu na utamaduni. Vita Baridi vilikuwa vimeanza, na lengo lilikuwa kuipatia Marekani marafiki. Mgeni angejifunza, angeyaona maisha ya Wamarekani, kisha angerudi kwao akiwa na ujuzi na kumbukumbu njema. Hospitali zilijisajili katika mpango huo kwa wingi. Daktari kutoka Ufilipino, India, Uturuki au Iran aliingia kwa jina la mgeni wa kubadilishana elimu, na kesho yake akawa kwenye zamu ya usiku katika wodi isiyopata Mmarekani wa kuihudumia.

Kongresi iliona mapema kwamba wengi hawarudi. Juni 1956 ilipitisha sharti ambalo limebaki kuwa msumari wa mfumo mzima: aliyeingia kwa mpango wa kubadilishana elimu lazima akae nje ya Marekani kwa miaka miwili baada ya mafunzo kabla ya kuomba makazi ya kudumu. Mwaka 1961 sheria ya Fulbright-Hays iliupa mpango huo viza yake, iliyoitwa J, na kulibeba sharti la miaka miwili ndani yake.

Mtihani wa 1958

Swali la elimu lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 1950 Chama cha Madaktari wa Marekani na umoja wa vyuo vya udaktari vilitoa orodha ya vyuo vya nje vilivyohesabiwa kuwa sawa na vya Marekani. Karibu vyote vilikuwa vya Ulaya. Orodha hiyo ilikwama upesi. Hapakuwa na watu wala fedha za kukagua vyuo vya dunia nzima, na chuo kizuri ambacho hakijatembelewa kilionekana sawa na chuo kibovu. Tena orodha ilimhukumu mtu kwa jina la chuo chake, si kwa anachokijua.

Ndipo likaja wazo la kumpima mtu mwenyewe. Chama cha madaktari, umoja wa vyuo, chama cha hospitali na shirikisho la bodi za leseni za majimbo waliungana kuanzisha taasisi ambayo baadaye ilijulikana kwa herufi ECFMG. Ilifungua ofisi mwaka 1957 Evanston, jimbo la Illinois, na baadaye ikahamia Philadelphia. Majukumu yake yalikuwa matatu: kuhakiki vyeti vya mwombaji, kumpima Kiingereza, na kumpa mtihani wa udaktari. Mtihani wa kwanza ulifanyika Machi 1958, na maswali yake yalitokana na hazina ileile iliyotumika kuwapima Wamarekani. Alama ya kufaulu ilikuwa 75.

Mtihani ulipoanza, maelfu ya madaktari wageni walikuwa tayari wodini. Hospitali zenye mafunzo yaliyoidhinishwa ziliambiwa kwamba ifikapo 1960 hazitaruhusiwa kumweka mwanafunzi wa ubingwa asiye na cheti cha ECFMG. Waliofeli walipaswa kuondolewa kwenye matibabu, na kwa kuwa viza yao ilitegemea mafunzo, wengi walikabiliwa na safari ya kurudi. Wakuu wa hospitali walilalamika kwamba wodi zitabaki bila mtu, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi mwishoni mwa mwaka huo. Baada ya hapo kanuni ilisimama, na tangu wakati huo mhitimu wa nje kwa kawaida haingii katika mafunzo ya ubingwa yaliyoidhinishwa bila kupitia uhakiki huo.

Yapo mambo mawili katika mtihani huo yanayostahili kutazamwa pamoja. Ulimpa haki daktari wa chuo kisichojulikana: aliyesoma Manila au Kampala angeweza kuonyesha kwa kalamu yake kwamba anajua kama aliyesoma Edinburgh. Wakati huohuo ulimpima kwa kilichofundishwa Marekani na kwa lugha ya Marekani. Maarifa ya malaria, kichocho au utapiamlo, ambayo daktari wa nchi za joto huyatumia kila siku, yalikuwa na uzito mdogo kwenye karatasi hiyo.

Mlango wa 1965 na sheria ya 1976

Oktoba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya ya uhamiaji chini ya Sanamu ya Uhuru, New York. Sheria hiyo iliufuta mgao wa tangu miaka ya 1920 uliowapendelea Wazungu wa Ulaya Kaskazini na Magharibi, na kutoa nafasi ya pekee kwa wenye taaluma na kwa kazi zilizopungukiwa watu. Udaktari uliwekwa miongoni mwa kazi hizo. Mwaka huohuo zilipitishwa bima za umma, Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini, na mahitaji ya matibabu yakapanda tena. Daktari wa Asia ambaye miaka michache nyuma hakuwa na njia ila viza ya kubadilishana elimu sasa aliweza kuomba makazi ya kudumu moja kwa moja. Mwaka 1970 sharti la kurudi nyumbani lililegezwa kwa wengi wa waliokwisha kuwamo nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wageni walichukua karibu nusu ya leseni mpya za udaktari zilizotolewa Marekani.

Mjadala ukawaka. Wapo waliosema kwamba Marekani inachukua bila malipo matunda ya vyuo vya nchi maskini, nchi iliyolipa karo ikabaki na zahanati isiyo na daktari. Wengine walihofia ubora wa tiba, hasa katika hospitali za serikali za magonjwa ya akili, ambako wageni wasio na leseni kamili waliachiwa wagonjwa wengi. Wengine walihofia ushindani. Wakati huo vyuo vya ndani vilikuwa vimepanuliwa kwa fedha za serikali, na wataalamu walitabiri kwamba madaktari watazidi mahitaji.

Oktoba 1976 Kongresi ilipitisha sheria ya elimu ya taaluma za afya iliyogeuza mwelekeo wote. Ilitamka kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari unaohitaji wageni wapewe upendeleo. Kuanzia Januari 1977, daktari mgeni aliyetaka viza alipaswa kufaulu mtihani mgumu zaidi, uliolingana na sehemu mbili za kwanza za mtihani wa taifa. Kwa wenye viza ya J, sharti la miaka miwili nyumbani likarudi kwa wote bila kujali nchi wala aliyelipia masomo. Muda wa mafunzo uliwekewa kikomo kifupi mno. Mwaka 1981 ulirefushwa hadi miaka saba, baada ya kudhihirika kwamba fani kama upasuaji haziwezi kukamilika katika muda uliokuwa umewekwa.

Barua ya uhitaji

Sheria hiyohiyo ya 1976 ndiyo iliyoingiza katika safari hii karatasi ambayo madaktari wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri: barua ya wizara ya afya ya nchi ya mwombaji. Barua inasema kwamba nchi inahitaji watu wenye ujuzi katika fani atakayosomea, na kwamba mwombaji ameahidi kwa maandishi kurudi kufanya kazi hiyo. Bila barua hiyo, yenye saini na muhuri, ECFMG haimdhamini mtu kwa viza ya J-1 ya mafunzo ya tiba. Daktari wa Kitanzania huiomba wizara ya Tanzania, na Mkenya ya Kenya.

Uzito wa barua hii unaonekana ukikumbuka uchanga wa elimu ya udaktari ukanda huu. Mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, Kampala, miaka ya 1920. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha udaktari mwaka 1967. Kwa miongo mingi mtu aliyetaka ubingwa wa moyo, wa ubongo au wa saratani alilazimika kwenda nje. Barua ya wizara kwa hiyo ilikuwa na maana halisi: fulani anakwenda kuchukua ujuzi usiopatikana hapa, naye tunamngojea.

Nguvu ya barua, hata hivyo, ina mpaka. Inaambatana na sharti linalomzuia daktari kubadilisha hali yake ya uhamiaji Marekani kabla ya miaka miwili ya kukaa nyumbani. Haiilazimishi serikali yake kumwandalia ajira, vifaa wala mshahara atakaporudi. Daktari aliyesomea upasuaji wa moyo anayeikuta hospitali isiyo na mashine ya kuendesha damu wakati moyo umesimamishwa hutimiza miaka yake miwili bila kuutumia ujuzi alioufuata.

Vyeti vya kughushi na mtihani mmoja

Miaka ya 1980 ilileta fedheha iliyobadilisha namna vyeti vinavyokaguliwa. Iligundulika kwamba baadhi ya vyuo vya visiwa vya Karibi vilikuwa vikiuza shahada za udaktari, na watu wasiosoma udaktari walikuwa wamezitumia kujipenyeza kwenye mafunzo na leseni. Vyuo viwili vya Jamhuri ya Dominika vilifungwa na serikali ya huko. Mwaka 1984 mtihani mpya wa siku mbili ulichukua nafasi ya mitihani ya awali. Tangu muongo huo ECFMG haikuridhika tena na nakala iliyoletwa na mwombaji. Ilianza kukiandikia chuo chenyewe na kungoja kithibitishe kwa njia zake kwamba mtu huyu alisoma hapo na kuhitimu. Kwa daktari ambaye nchi yake iko vitani, au ambaye chuo chake kimechomwa pamoja na kumbukumbu zake, jibu hilo linaweza kuchukua miaka.

Kati ya 1992 na 1994 ilianzishwa mitihani ya pamoja ya leseni, USMLE, ambayo Mmarekani na mgeni huifanya kwa karatasi ileile. Kwa mara ya kwanza ukuta kati ya mtihani wa wenyeji na mtihani wa wageni ulibomoka. Tofauti ilirudi kwa muda mwaka 1998, wageni walipotakiwa kusafiri hadi Philadelphia kupimwa namna wanavyozungumza na mgonjwa, wagonjwa wenyewe wakiwa waigizaji waliofundishwa. Mwaka 2004 mtihani wa aina hiyo uliwekwa kwa wote, pamoja na Wamarekani. Machi 2020 ulisimamishwa kwa sababu ya korona, na Januari 2021 ukafutwa kabisa. Badala yake wageni wamewekewa njia nyingine za kuthibitisha uwezo wa tiba, pamoja na mtihani wa Kiingereza cha kazi za afya.

Suala la vyuo, lililoachwa wakati orodha ya 1950 ilipokwama, lilirudi kwa sura mpya. Mwaka 2010 ECFMG ilitangaza kwamba kuanzia 2023 itamkubali tu mhitimu wa chuo kilichoidhinishwa na chombo kinachotambuliwa kimataifa. Tangazo hilo lilizifanya nchi nyingi zijenge au ziimarishe vyombo vyao vya kukagua vyuo vya udaktari. Baadaye tarehe ilisogezwa hadi 2024 na sharti likalainishwa: hali ya chuo sasa huonyeshwa kwenye taarifa ya mwombaji, lakini peke yake haimzuii kupata cheti.

Vijiji visivyo na daktari

Utabiri wa 1976 kwamba madaktari watazidi haukutimia kila mahali. Miji ilijaa mabingwa, lakini wilaya za mashambani za Dakota, Mississippi na milima ya Appalachia zilibaki na hospitali ndogo zisizopata hata daktari mmoja wa familia. Sheria ilikuwa tayari imeacha upenyo. Idara ya serikali yenye maslahi ingeweza kuomba daktari fulani asamehewe miaka miwili ya nyumbani, na Wizara ya Kilimo, mamlaka ya maendeleo ya Appalachia na hospitali za maveterani zilikuwa zikifanya hivyo.

Mwaka 1994 Seneta Kent Conrad wa North Dakota aliupanua upenyo huo. Kila jimbo lilipewa haki ya kuwaombea msamaha madaktari 20 kwa mwaka, kwa sharti kwamba kila mmoja afanye kazi miaka mitatu mahali penye upungufu wa madaktari. Mwaka 2002 idadi ilipanda hadi 30 kwa kila jimbo, na baadaye nafasi chache kati ya hizo ziliruhusiwa hata nje ya maeneo yaliyotajwa, mradi wagonjwa wanatoka huko. Mpango huo haukuwekwa kuwa wa kudumu, kwa hiyo Kongresi imekuwa ikiufufua kwa vipindi vifupi vifupi, na daktari aliyekwisha kusaini mkataba na hospitali ya kijijini hubaki akingoja kura ya watu asiowajua.

Hapa ahadi ya 1956 iligeuka. Miaka miwili ambayo daktari aliahidi kuwatibu watu wa kwao sasa huweza kulipwa kwa miaka mitatu ya kuwatibu Wamarekani wasio na daktari. Kwa wagonjwa wa wilaya hizo faida ni kubwa na ya kweli: wapo wanaojifungua salama na wanaotibiwa kisukari kwa sababu daktari mgeni alikubali kwenda ambako wenyeji hawakwenda. Lakini nchi iliyoandika barua ya uhitaji haimo katika mapatano hayo, na aliyesamehewa kwa mpango wa Conrad kwa kawaida hahitaji idhini ya nchi aliyotoka.

Njia nyingine ilifunguliwa kwa sheria ya 1991, iliyowaruhusu madaktari kutumia viza ya H-1B kwa kazi za tiba. Viza hiyo haina sharti la kurudi nyumbani. Ili aipate, mgeni hana budi kufaulu sehemu zote tatu za USMLE kabla ya kuanza, na hospitali yenyewe ndiyo inayoomba na kulipia. Hospitali nyingi huona J-1 ni nyepesi kwao, kwa kuwa mdhamini ni ECFMG, na kwa hiyo wageni wengi wanaosomea ubingwa huingia kwa viza hiyo.

Mlolongo wa leo

Mhitimu wa nje huanza kwa kuthibitishiwa shahada na chuo chake, hufaulu sehemu mbili za USMLE, hutimiza sharti la lugha na la ujuzi wa tiba, kisha hupewa cheti cha ECFMG. Kwa cheti hicho huomba nafasi katika hospitali nyingi, huitwa kwenye usaili, na mwezi Machi hupata jibu la mfumo wa kuoanisha. Akipata nafasi, huomba barua ya wizara ya nchi yake na kudhaminiwa kwa J-1, na bodi ya jimbo humpa leseni ya muda ya mafunzo. Udhamini hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Haruhusiwi kufanya kazi nyingine yoyote nje ya mafunzo, hata zamu ya ziada katika hospitali jirani, na muda wote hauvuki miaka saba isipokuwa kwa idhini maalumu. Mafunzo hukamilika kwa kawaida mwishoni mwa Juni. Siku hiyo mambo mawili humngoja: miaka miwili nyumbani, au msamaha na miaka mitatu kwenye wilaya iliyompa kazi.

Ubingwa alioupata nchini mwake hauhesabiwi. Daktari aliyefanya upasuaji kwa miaka 15 Nairobi au Muhimbili huanza mafunzo pamoja na vijana waliohitimu mwaka huo. Kanuni hii sasa imeanza kuguswa. Mwaka 2023 Tennessee ilitunga sheria ya kumpa leseni ya muda daktari mgeni mwenye mafunzo ya ubingwa kutoka nje, bila kurudia mafunzo hayo Marekani, na majimbo mengine yakafuata kwa sheria zenye masharti yanayotofautiana. Viza, hata hivyo, haiko mikononi mwa majimbo, na leseni mpya haimsaidii asiye na kibali cha kukaa nchini.

Kwa upande wa nchi wanakotoka madaktari, Shirika la Afya Duniani lilionyesha mwaka 2006 kwamba nchi 57 zilikuwa na upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, nyingi zikiwa za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo. Mei 2010 nchi wanachama zilipitisha kanuni za kimataifa za kuajiri wahudumu wa afya, zinazozitaka nchi tajiri zifundishe watu wao wa kutosha na ziache kuwachota kwa makusudi wahudumu wa nchi zenye upungufu. Kanuni hizo ni za hiari, na hakuna mahakama inayozisimamia. Katika sheria za Marekani, ahadi kwa mgonjwa ina mitihani, bodi na leseni za kuilinda. Ahadi kwa nchi ya daktari imebaki na sharti la miaka miwili, linaloweza kusamehewa, na barua ya wizara katika jalada la kila mwenye J-1, ikiendelea kusema kwamba nyumbani wanamhitaji.